Uji wa Yankho

Kidonda cha Fatsani kilianza kunuka masuku, na wakati wenyewe haukuwa wa masuku.

Lapukeni aliisikia harufu kabla hajafika kitandani. Alikuwa anapita katikati ya vitanda vya wodi ya watoto, bakuli la nsima, ugali wa kwao, mkono huu, kibakuli cha mboga mkono ule, ikamjia puani kama vile mtu kafungua mlango wa ghala. Tamu, nzito, ya tunda lililoiva likaanguka chini ya mti na kulala juani. Alisimama. Masuku, yale matunda ya mwituni, huiva wakati wa joto, mvua za kwanza zikikaribia. Huu ulikuwa mwezi wa Julai. Chiperoni ilikuwa imeshuka, ule ukungu wa baridi unaolifunika bonde zima la Mulanje, hata mtu asiuone mlima alioukwea maisha yake yote. Wilaya nzima haikuwa na suku hata moja.

Aliinama juu ya binti yake. Harufu ilikuwa inatoka chini ya blanketi.

"Fatsani, umekula nini?"

"Sijala, baba. Nakungoja wewe."

"Mguu unauma?"

"Unawasha kwa ndani. Kama kuna kitu kinatembea."

Akafunua blanketi. Kwenye bendeji, pale kisiginoni, palikuwa na doa. Halikuwa jekundu, wala halikuwa la njano kama usaha anaoujua kila mtu. Lilikuwa kijani kinachoelekea buluu, rangi ya shingo ya njiwa. Lapukeni aliweka chakula chini. Hakumwita mtu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaitazama mikono yake, maana bendeji ile, mara ya mwisho, ilifungwa na mikono hiyo.

Lapukeni alikuwa mchukuzi wa mbao. Wapasuaji hukaa juu mlimani wakipasua mierezi, na watu kama yeye huzishusha mbao kichwani, peku, kwa njia ambayo mbuzi huifikiria mara mbili. Alikuwa na miguu mipana kama mabeleshi. Ndiyo maana alipozaliwa Fatsani na unyayo wa kulia umegeukia ndani, kama mtu anayetaka kuukanyaga mguu wake mwenyewe, Lapukeni aliona ametukanwa. Mtoto alitembea kwa ubavu wa mguu mpaka ngozi ikawa gamba. Wenzake wakamwita Kaa.

Kisha habari zikaja kwamba hospitali ya chini, ile iliyo nyuma ya mashamba ya chai, kuna daktari anayenyoosha miguu ya watoto bila malipo. Mkewe Esinati alikuwa ametoka kujifungua, mtoto mchanga bado kitovu hakijadondoka. Kwa hiyo aliyembeba Fatsani mgongoni kwenda hospitali ni baba, na aliyebaki kumuuguza ni baba, na aliyeingia banda la wauguzaji na sufuria na mwiko, mwanamume peke yake kati ya wanawake, ni huyo huyo baba.

Walimpokea vizuri, kwa maana kwamba walimwita bambo, yaani baba, na kumcheka siku hiyo hiyo.

"Bambo, hiyo ni nsima au tope la kujengea?" aliuliza Agogo Nakhumwa, bibi mwenye meno machache aliyekuwa anamuuguza mjukuu wake aliyeungua moto.

"Ni nsima, agogo."

"Basi ikibaki nipe, nizibe ufa wa jiko langu. Na mkeo yuko wapi? Kakutupa?"

"Kajifungua."

"Ungesema mapema! Sisi tulidhani umekuja kutafuta mke wa pili. Usijisumbue, mwanangu. Hapa wote tunanuka moshi."

Wakacheka, naye akacheka, na jioni hiyo mmoja wao akamwonyesha jinsi ya kukoroga unga bila mabonge.

Banda lile lilikuwa na desturi zake, na Lapukeni alizijua moja moja kwa kuzikosea. Anayeondoka na mgonjwa wake aliyepona habebi kitu cha hospitali kwenda nacho nyumbani, ugonjwa usije ukamfuata. Chumvi iliyobaki, kuni, sabuni, hata vidonge ambavyo mtoto hakuvimaliza, vyote anampa anayebaki. Na anayepewa hakatai, maana kukataa ni kumwambia mwenzio kwamba bahati yake ni mbaya.

Desturi ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kifo hakitajwi bandani. Mtoto akifariki, mama yake hukusanya vyombo, wenzake humsindikiza mpaka langoni, na wakirudi wanaendelea na habari za maharage. Hakuna anayemwuliza mwenzake nani alilala kitanda kile kabla yake. Ukikitaja, umekiita, na kikiitwa, hakiji kwako wewe uliyekiita, kinakwenda kwa mtoto wa mwenzio.

Ilikuwa ndani ya banda hilo alimomfahamu Mai Yankho, yaani Mama Yankho.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mtulivu, mwenye chitenje cha buluu, kitenge kilichofungwa fundo kubwa kwenye pindo. Hakuwa mtu wa mzaha. Kila asubuhi alipika uji wa mahindi wenye unga wa karanga, akauonja kwa ncha ya ulimi, akamimina kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi, akakifunika kwa kisahani na kwenda nacho wodini. Mchana vile vile. Jioni vile vile. Wanawake walimpisha njia. Lapukeni aliona jinsi walivyonyamaza akipita, akadhani ni heshima.

"Mwanao yuko kitanda gani, mai?" alimwuliza.

"Cha ukutani."

Lapukeni akikumbuka baadaye, alikumbuka kwamba aliangalia kitanda cha ukutani siku hiyo hiyo. Aliyelala hapo alikuwa kivulana kutoka wilaya ya Phalombe aliyepasuliwa utumbo, na pembeni yake mama yake mwenyewe, mnene, anasinzia. Lapukeni hakulifikiria sana jambo hilo. Vitanda vinahamishwa.

Fatsani alipasuliwa asubuhi ya ukungu. Lapukeni alimbeba mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na pale daktari aliyeitwa Chisale akamchoma mtoto sindano mwenyewe, akitazama saa ya ukutani.

"Hii ndiyo dawa yake ya kuzuia kidonda kisioze," alisema. "Inatakiwa iwe kwenye damu kisu kikifika."

Wakaingia. Walipotoka, mguu ulikuwa umefungwa bendeji na ganda la plasta kwa nyuma, na chini ya plasta, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, vidole vya Fatsani vilitazama mbele. Lapukeni alivihesabu kama mtu aliyerudishiwa mifugo. Vilikuwa vya moto, vyekundu, na vilicheza alipovitekenya.

Wodini ndiko neno lilikoanza. Kivulana wa Phalombe alikuwa anachomwa sindano asubuhi na jioni. Mjukuu wa Agogo Nakhumwa alikuwa anameza vidonge. Fatsani hakupewa kitu ila cha kutuliza maumivu. Daktari Chisale alipopita na kundi lake, Lapukeni alimfuata.

"Daktari, mwanangu amesahauliwa dawa."

"Nani?"

"Fatsani. Wa mguu. Wenzake wanapewa, yeye hapewi."

"Hajasahauliwa. Alichomwa ile moja, imetosha." Daktari alikuwa anatembea. "Kidonda chake ni safi, bambo. Hawa wengine wana uchafu ndani tangu walivyokuja. Yeye hana. Zamani tulikuwa tunawapa wote, siku nyingi. Tumeacha. Haiongezi kitu, inawazoesha tu wadudu."

"Inawazoesha nini?"

"Dawa. Wanaizoea." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Kiache kidonda kama kilivyofungwa. Usikiguse. Kitapona."

Mlango ukabamizwa. Lapukeni akabaki na lile neno imetosha. Maisha yake yote, alipoambiwa imetosha, ilikuwa ni yeye aliyepunjwa. Mzani wa mbao ulikuwa umetosha. Unga wa msaada ulikuwa umetosha.

Bandani aliwaeleza wenzake.

"Moja tu?" alishangaa mama mnene wa Phalombe. "Wangu amechomwa mpaka hana pa kuchomwa."

"Wamekunyima," alisema mwingine. "Wamekuona mwanamume, huwezi kulia mbele yao."

"Mguu mzima wamekata wakanyoosha, halafu sindano moja? Hata kuku anapata mbili."

Agogo Nakhumwa peke yake alisema, "Daktari kasema kiachwe, kiacheni." Lakini alisema huku anapuliza moto, na moshi ukamkaba, akakohoa, na neno lake likapotelea humo.

 Mai Yankho alikuwa anafunika kikombe.

Fatsani ndiye aliyemtaja tena.

"Baba, yule mama anakuja kunilisha wewe ukiwa jikoni."

"Mama yupi?"

"Wa kikombe. Uji wake una karanga. Anawalisha watoto wote, akimaliza huyu anakwenda kwa yule. Manesi wanamshukuru."

"Basi na wewe umshukuru."

"Ninamshukuru." Mtoto akafikiri. "Lakini ananiita Yankho."

"Atakuwa amechanganya."

"Wote anatuita Yankho, baba. Hata wasichana. Ukimwambia siye, anangoja. Anashika kijiko hivi mbele ya mdomo, anangoja mpaka uitike. Ukiitika anakupa."

Lapukeni alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umejibandika kwenye kioo kama ukurutu, na nyuma yake kulikuwa na kitu cha buluu, kimesimama, hakisogei. Alipolisogelea dirisha hakikuwapo.

Kesho yake Mai Yankho alimjia pale anapooshea sufuria.

"Wamekunyima dawa ya mtoto," alisema. Haikuwa swali.

"Wamesema imetosha."

"Mimi pia waliniambia mengi." Alifungua fundo la chitenje. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, vile vya maganda, vyekundu kwa njano, vimebanana kama mbegu. Vingine vilikuwa vimelainika kwa jasho. "Hivi vya Yankho. Baba yake alivinunua dukani, hospitali ilikuwa imeishiwa. Vimebaki. Sivipeleki nyumbani."

"Yankho amepona?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Vimebaki," alirudia.

Kukataa hakukubaliki bandani. Na Lapukeni hakutaka kukataa. Kusema kweli alifurahi. Alijiona hatimaye ana mtu upande wake.

Walifanya mchana, manesi wakiwa wamekwenda kula. Lapukeni aliifungua bendeji taratibu, akaona kidonda. Kilikuwa mstari mwembamba, mkavu, wenye nyuzi nyeusi kama miguu ya sisimizi. Hakikuwa na wekundu wala unyevu. Ni kidonda ambacho mtu mwenye akili angekifunga tena na kwenda kucheza bawo. Mai Yankho alipasua kidonge kimoja kwa kucha, akamimina unga wake juu ya nyuzi, akausambaza kwa kidole. Aliusambaza kwa upole mkubwa, kona kwa kona. Kingine alikifungua ndani ya kikombe, akakoroga kwa kijiko kilichopinda mpini.

"Yankho," alisema.

Fatsani alimtazama baba yake.

"Itika, mwanangu, unywe dawa," alisema Lapukeni.

"Bee," aliitika Fatsani, akafungua mdomo.

Wakarudia kila siku. Kisha ndipo ikaja harufu ya masuku.

Daktari Chisale, aliyeletwa na harufu ile ile, alikata bendeji kwa mkasi. Nyuzi zilikuwa zimeachia. Katikati ya ule mstari mwembamba palikuwa na mdomo, na mdomo ulikuwa unatoa maji ya kijani. Alisogeza pua karibu, akafumba macho kidogo, kama mtu aliyekutana na adui anayemjua kwa mwendo.

"Nani alifungua hii?"

Lapukeni aliitazama mikono yake.

"Nesi?"

"Mimi sijafungua, daktari," alijibu nesi.

Fatsani akaoshwa kidonda, akachomwa dawa. Dawa ile haikufanya kitu. Mguu ukavimba ukajaza ganda, vidole vikaanza kupoteza joto. Wakaleta dawa nyingine, ya gharama, iliyoletwa na gari kutoka Blantyre. Siku mbili homa ikashuka, kisha ikapanda kama mtu aliyekwenda kuchukua koti tu. Harufu ikajaa wodi nzima. Na asubuhi moja, mama mnene wa Phalombe aliinua shuka la kivulana wake kwenye kitanda cha ukutani, akaliacha, akaenda kusimama nje kwenye ukungu. Huko nako kulikuwa kijani.

Daktari alimwita Lapukeni kwenye kichumba cha vifaa, akafunga mlango. Safari hii alikuwa amekaa.

"Nisikilize, bambo. Mdudu huyu namjua. Mwezi uliopita alikuwa wodini kwangu, kwa mtoto mmoja. Alikula kila dawa niliyonayo. Mtoto yule alipewa vidonge vya kila namna kabla hajafika kwangu, nusu leo, robo kesho, vya duka hili, vya jirani yule. Mdudu ni kama nyani na sanamu la shambani. Ukisimamisha sanamu siku moja, anakimbia. Ukiliacha pale siku zote bila kumfukuza, anakuja kukaa juu ya kichwa chake. Yule wa mtoto yule alikuwa ameshakaa kichwani. Mtoto akafa, tukaosha kila kitu kwa dawa, mpaka kuta. Nikadhani tumemaliza. Sasa niambie amefikaje kwenye kidonda cha binti yako, kidonda nilichokifunga mimi, kikiwa safi."



"Mtoto huyo aliitwa nani?" aliuliza Lapukeni.

"Yankho."

 

"Mama yake yuko hapa," alisema Lapukeni.

"Hayuko. Aliondoka na maiti. Nilitia saini mwenyewe."

"Yuko hapa, daktari. Anapika. Ameniuguzia mtoto." Kisha akasema yote: vidonge, kidole, kikombe, bendeji.

Daktari aliinamisha kichwa. "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ulinijibu ukiwa unatembea."

 Wakatoka pamoja, haraka.

Ilikuwa saa ya uji. Mai Yankho alikuwa ameketi kitandani kwa Fatsani, chitenje cha buluu kimelowa ukungu mabegani. Kijiko kilikuwa mbele ya mdomo wa mtoto. Fatsani, macho yake yameingia ndani kwa homa, alikuwa anahema.

"Yankho."

"Bee."

"Usimpe!" alisema Lapukeni. Alishika kikombe. Hakukipokonya, alikishika tu, na mama hakukiachia, wakabaki wamekishika wote wawili kama watu wanaopeana zawadi. Mvuke wa uji ukampanda usoni. Karanga, na chini ya karanga, masuku. Harufu ilikuwa kwenye kikombe. Ilikuwa kwenye kijiko, kwenye pindo la chitenje, kwenye vidole vile vyembamba alivyovitazama vikisambaza unga kwa upole. Ukingo wa fundo ulikuwa na doa la rangi ya shingo ya njiwa.

"Bambo," alisema Mai Yankho bila kupandisha sauti, "mtoto asile?"

Daktari alisimama. Manesi wawili walisimama, na nyuso zao zilionyesha kwamba walimjua, walikuwa wamemwona kila siku akipita kitanda hadi kitanda, wakashukuru kupata mkono wa kusaidia, na hawakutaka kuuliza ni mkono wa nani. Akina mama walikuwa wametazama sakafu. Wote walijua. Lapukeni aliwaangalia mmoja mmoja, waliomfundisha kukoroga unga, hakuna aliyeinua macho.

Aliyesema ni Agogo Nakhumwa. Alisimama kando ya kitanda cha mjukuu wake, akajishika kiuno, akakivunja kile ambacho hakivunjwi.

"Mai Yankho. Yankho alikufa."

Wanawake wakapiga mikono midomoni. Mmoja akaziba masikio ya mwanawe.

"Alikufa, mwanangu. Sanda tulimfunga mimi na wewe. Tulikusindikiza langoni. Kwa nini ulirudi?"

Mai Yankho alimtazama bibi bila hasira, hata kwa huruma kidogo, kama anayemweleza mtoto.

"Najua alikufa, agogo. Nilikuwapo. Lakini waliniambia hapa, nesi aliniambia, mbele ya baba yake: mtoto lazima amalize dawa. Mama unayekatisha dawa, unaua. Alivyokufa zilikuwa zimebaki." Aligusa fundo. "Hakumaliza. Kwa hiyo anamalizia."

Akageuka kwa Fatsani, akainua kijiko.

"Yankho."

Na katika wodi ile iliyokuwa kimya, watoto waliitika. Haikuwa Fatsani peke yake. Mjukuu wa Agogo aliitika, na kivulana wa kitanda cha ukutani kwa sauti ya kuishiwa, na wengine waliokuwa bado hawajapasuliwa, kutoka kitanda hiki na kile, kama darasa linalojibu mwalimu. Bee. Bee. Bee. Vinywa wazi.

Daktari Chisale alipiga magoti mbele ya yule mama, akakunjua vidole vyake kutoka kwenye kikombe, kimoja kimoja.

Kaka zake walikuja kumchukua kutoka Thyolo. Aliondoka bila ubishi. Pale langoni aligeuka akamwuliza Agogo Nakhumwa nani atawapikia, na bibi akasema, "Mimi, nenda." Fundo lilichomwa moto pamoja na chitenje. Wodi ikafungwa, magodoro yakatolewa nje, watoto wenye kijani wakawekwa chumba chao peke yao. Daktari tangu siku hiyo huwaeleza wazazi habari ya sindano moja akiwa amekaa, tena huwangoja waulize mara ya pili. Wengine bado hawamwamini.

Mguu wa Fatsani ulikatwa kabla ukungu haujainuka. Safari hii pia alichomwa sindano mlangoni, daktari akitazama saa, na Lapukeni hakuuliza itafuatwa na ngapi.

Walimkabidhi ule uliokatwa auzike, maana ni wa kwao. Ulikuwa umefungwa kwa shuka la hospitali. Alizoea kubeba, kichwa chake kilikuwa na bonde la mbao, lakini huu aliubeba mikononi. Haukuwa na uzito wowote. Aliuzika nyuma ya hospitali, kwa sababu cha hospitali hakipelekwi nyumbani, na kabla hajatia udongo alifunua ncha ya shuka akatazama. Unyayo ulikuwa umenyooka kabisa. Daktari alikuwa ameufanyia kazi nzuri.

Sasa Fatsani anatembea kwa gongo la mwerezi alilochongewa na baba yake. Wenzake hawamwiti Kaa tena. Masuku yakiiva, Esinati hayaleti nyumbani, na Lapukeni akiwa mlimani huizunguka kwa mbali miti yake.

Kilichopotea ni hiki. Mguu mmoja wa kulia, kuanzia chini ya goti. Kivulana mmoja wa Phalombe, mwenye mama mnene, ambaye jina lake bandani halitajwi. Mama mmoja wa Thyolo, aliye hai, ambaye kaka zake humfungia mlango saa za uji. Na jina: kwa sababu Fatsani, hata leo, ukimwita kwa jina lake akiwa usingizini hajibu, lakini ukiita lile jingine, anaitika, na mdomo anaufungua.